Vipuri vya malori makuukuu vinunuliwe kwa namba

Msafiri anayepita usiku katika Ushoroba wa Kati, baina ya Singida na Nzega, hujifunza mapema kuyasoma matawi ya miti. Tawi moja limelazwa juu ya lami, jingine hatua chache mbele, la tatu limechomekwa kwenye bampa. Maana yake mbele kuna lori limekufa, halina taa, na huenda dereva na utingo wake wamelala chini ya tela. Mlima Sekenke una matawi yake, Kitonga ina yake, na barabara ya kupanda Mau Summit kutoka Nakuru hali ni hiyo hiyo. Basi linapolivaa lori la namna hiyo kwa nyuma, taarifa hutaja mwendo kasi na uzembe wa dereva. Ni nadra kutaja kilicholisimamisha lori lenyewe.

Sababu za lori kusimama ni nyingi: tairi, klachi, mafuta yaliyochakachuliwa, springi iliyokatika. Mojawapo inajulikana vizuri na mafundi wa barabarani lakini haifiki kwa urahisi mezani kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nayo ni puli, lile gurudumu dogo la mbele ya injini linalopitisha mkanda.

Mkanda huo, au fenibelti kama wengi waitavyo, huzungushwa na puli kubwa iliyofungwa kwenye krankishafti. Ndio unaoendesha pampu ya maji, alteneta na, katika malori mengi ya zamani, feni yenyewe. Kwenye Fuso na Isuzu za miaka ya nyuma mikanda huwa na umbo la V, mara nyingi miwili ikikaa sambamba. Kwenye Scania na Mercedes-Benz za baadaye huwa mmoja mpana wenye mbavu ndogo ndogo, unaokazwa na mkono wenye springi uitwao tenshena, na kuelekezwa na puli moja au mbili zisizo na kazi nyingine. Puli hizi hufa kwa njia mbili. Ama mfereji unalika hadi mkanda unateleza, ama beringi iliyo ndani inakauka grisi, inaanza kulia, kisha inashika. Mkanda unakatika au unachomoka. Maji yanaacha kuzunguka. Lori lenye tani thelathini mgongoni likiwa mlimani, injini huchemka ndani ya dakika chache, na dereva asipoizima papo hapo gasketi ya silinda hedi inaungua na hedi yenyewe inapinda. Kitu kinachoenea kiganjani kimeua injini.

Kwa kampuni kubwa za usafirishaji hili ni jambo la stoo. Zina mikataba na mawakala, zinabadilisha mikanda na puli kwa kufuata kilomita, na lori moja likikwama jingine linatumwa. Wenye lori moja au mawili hawako hivyo. Lori lao lilinunuliwa mtumba kutoka Ulaya au Japani, limeshapita miaka ishirini, na ndilo linalobeba mahindi, saruji, mbolea na kreti za soda hadi kwenye magulio ambako magari mapya hayapendi kwenda. Faida ya safari huhesabiwa kwa siku. Likilala siku nne Nzega likisubiri puli, faida imekwenda. Likilala wiki, mkopo wa benki au wa saccos unaanza kubisha hodi. Na kama mzigo ni wa transiti wenye lakiri ya forodha, mwenye lori hawezi hata kukodi gari jingine auhamishie usiku huo. Kuhamisha mzigo wa lakiri kunahitaji idhini ya maofisa wa forodha, nao hawakai porini.

Hapo ndipo utafutaji unapoanza. Akienda kwa wakala wa chapa ya lori lake, mara nyingi huambiwa kwamba puli haiuzwi peke yake. Inauzwa tenshena nzima, pamoja na mkono, springi na boliti zake. Kwa modeli iliyoacha kutengenezwa zamani, hata hiyo haipo stoo na inaagizwa ng'ambo. Anatoka hapo kwenda Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam. Mwenzake wa Nairobi anakwenda Kirinyaga Road, wa Kampala anakwenda Kisekka. Anabeba puli mbovu mkononi au, siku hizi, picha yake kwenye simu. Muuzaji anaitazama, anasema "hii ipo", anataja bei. Kipuri kinapakiwa kwenye basi la usiku, kinafika asubuhi, hakiingii.

Kubahatisha huku kunaweza kupungua sana, kwa sababu kinachokufa ndani ya puli nyingi ni beringi, na beringi zina namba zinazotambulika dunia nzima. Ukifuta uchafu pembeni mwake utaona maandishi kama 6203-2RS. Namba hiyo haina undugu na Scania, Fuso wala DAF. Inasema tundu la katikati lina kipenyo cha milimita 17, kipenyo cha nje ni milimita 40 na unene ni milimita 12. Iwe imetengenezwa Sweden, Japani au China, vipimo vya nje vya 6203 ni hivyo hivyo. Namba 6303 ina tundu lile lile la 17, lakini nje ni 47 na unene 14. Namba 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14. Herufi 2RS zinaeleza kwamba pande zote mbili zina kizibo cha mpira, ambacho ndicho kinachofaa kwa barabara zenye vumbi. ZZ ni vizibo vya bati, na vumbi jembamba hupenya humo. Ikiandikwa C3 mwishoni, maana yake golori zimeachiwa nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida, jambo zuri kwa kifaa kinachokaa jirani na injini ya moto.

Hata kanuni ya kuitambua namba ni nyepesi. Tarakimu mbili za mwisho huzidishwa kwa tano ili kupata tundu kwa milimita, kuanzia 04 kwenda juu. Nne za chini ndizo zenye vipimo vyake: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Utingo anayejua hayo na mwenye kalipa ya bei ndogo mfukoni anaweza kupiga simu mji wowote akaeleza anachotaka bila kutuma picha, na bila kutaja lori.

Kutotaja lori ndiko kunakookoa fedha. Kipuri kikiitwa "puli ya Scania" kina bei ya Scania. Kikiitwa 6203 kina bei ya beringi, ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya tenshena nzima. Zaidi ya hapo, beringi za familia hii zimo ndani ya mota za umeme, pampu za umwagiliaji na mashine nyingi za viwanda vidogo. Dereva aliyekwama Nzega, Kayanza au Masaka anaweza kuipata kwenye duka linalouza vipuri vya mashine za kusaga, mtaa wa pili kutoka stendi, badala ya kungoja basi litokalo mji mkuu. Wauzaji wengi wa vipuri vya magari hawatafurahi kusikia hili likisemwa kwa sauti. Lakini mwenye lori aliyelipia tenshena nzima ili apate beringi ya ndani ameilipia ada ya kutojua.

Mitego ipo. Kuna beringi inayofanana na 6203 kwa tundu na kwa kipenyo cha nje, lakini ina unene wa milimita 16 badala ya 12; namba yake ni 62203, na tarakimu moja ya ziada inapotea kwa urahisi ikiwa imefunikwa na grisi iliyoungua. Fundi mwenye haraka huweka ile nyembamba na kujaza pengo kwa washa. Puli inakaa pembeni kidogo ya mstari, mkanda unalika ukingo mmoja, na baada ya wiki mbili lori limerudi pembeni ya barabara. Wengine huigonga beringi mpya kwa nyundo kwenye ringi ya ndani ili iingie kwenye puli. Golori zinaachia alama kwenye njia yake na beringi inaanza kulia siku hiyo hiyo, kisha lawama inapelekwa China. Anayeisukuma ndani ya puli anatakiwa kusukuma ringi ya nje, kwa jeki ya karakana au kwa soketi inayolingana, polepole. Ni mambo madogo, lakini ndiyo yanayotofautisha mbadala wa bei nafuu na uharibifu wa bei nafuu.

Puli za mtumba kutoka Dubai na Japani nazo zina nafasi yake. Mwili wa chuma ambao mifereji yake bado ina kingo zilizonyooka unaweza kutumika miaka mingi. Beringi iliyo ndani yake ni habari nyingine: mpira wake umezeeka, grisi yake imekaa miaka kwenye kontena na chini ya jua la soko. Fundi mzuri hununua mwili wa mtumba na kuutia beringi mpya. Kwa puli za plastiki, ambazo zimesubiwa juu ya beringi yenyewe, mbinu hiyo haisaidii, na hapo ndipo fundi mkereza anapoitwa.

Kazi ya kukereza puli inafanyika kila siku Gerezani, Katwe mjini Kampala na katika mitaa ya viwanda ya Nairobi. Mashine nyingi za kukerezea ni za zamani kuliko malori yanayotengenezwa, na mafundi wake wana mikono inayostahili heshima kuliko inayopewa. Ila wengi wanakereza kwa kunakili kilichochakaa. Mteja analeta puli iliyolika, fundi anaipima jinsi ilivyo, na kosa linarithiwa. Mkanda wa V una pembe ya takriban nyuzi 40, kwa hiyo wako wanaoukata mfereji kwa nyuzi 40. Wanasahau kwamba mkanda ukipinda kuizunguka puli, sehemu yake ya ndani hutanuka na pembe yake hupungua. Ndiyo maana mfereji wa puli ndogo hukatwa kwa nyuzi 34 na wa puli kubwa kwa nyuzi 38. Tofauti haionekani kwa macho. Inaonekana kwenye mkanda uliolika kabla ya wakati. Mkanda wa V hufanya kazi kwa kubanwa ubavuni. Chini ya mfereji pakianza kung'aa, mkanda umeshuka hadi sakafuni, na hakuna sabuni ya mche itakayouzuia kuteleza.

Kasi nayo haipewi uzito wake. Puli ya krankishafti yenye kipenyo cha sentimita 20, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huizungusha puli ndogo ya sentimita 8 mara 5,000 kwa dakika. Kipande cha chuma kilichokerezwa bila kuwekwa sawa katikati, kwa kasi hiyo, hutikisika hadi kinaua beringi yake na ya alteneta jirani. Kuijaza mifereji iliyolika kwa kuchomelea kisha kuisaga ni kubaya zaidi. Puli nyingi za zamani ni za chuma cha kusubu, ambacho hupata ufa kwa joto la kuchomelea, na ufa huo husubiri mlima.

Sehemu moja haifai kabisa kuigwa kwenye lezi ya mtaani. Katika injini nyingi za dizeli, puli kubwa ya mbele ya krankishafti imeunganishwa na kifaa cha kumeza mitetemo: tabaka la mpira, au mafuta mazito, kati ya vipande viwili vya chuma. Kila silinda inapowaka krankishafti hujisokota kidogo na kujirudisha, na kifaa hicho ndicho kinachotuliza msokoto huo. Mpira ukipasuka, sehemu ya nje huanza kuteleza au kuyumba, na fundi asiyejua hukereza kipande kizima cha chuma chenye mifereji ile ile. Lori linawaka, mkanda unazunguka, mteja analipa na kuondoka akishukuru. Baada ya kilomita elfu kadhaa krankishafti inaweza kukatika, na hakuna atakayekumbuka puli. Hapa uchumi unasema kinyume na pale kwenye beringi: afadhali kifaa halisi cha mtumba ambacho mpira wake umekaguliwa, au kipya hata kikigharimu safari mbili. Mwenye lori anayetafuta unafuu autafute kwenye puli za kuelekeza mkanda, za tenshena, za alteneta na za feni. Asiutafute hapa.

Bidhaa bandia ni tatizo jingine. Biashara ya beringi inasumbuliwa na bandia dunia nzima kwa sababu chapa inachongwa kwa leza na kisanduku kinachapishwa kwa urahisi. Kampuni za beringi zenyewe zimetoa programu za simu za kukagua. SKF inayo yake, na chama cha kimataifa cha watengenezaji wa beringi kina nyingine inayosoma misimbo ya chapa kadhaa. Ni msaada wa kweli, ijapokuwa muuza duka anayefungua kisanduku mbele ya mteja ili kipigwe picha bado ni wa kutafuta. Inafaa pia kutenganisha mambo mawili ambayo operesheni za mamlaka huyachanganya. Beringi ya chapa ndogo kutoka China inayouzwa kwa jina lake halisi ni bidhaa halali ya bei ya chini, na mnunuzi ana haki ya kuichagua kwa puli isiyobeba mzigo mkubwa. Beringi inayovaa jina la mwingine ni wizi. Msako unaoyakusanya yote kwenye lori moja na kuyachoma moto mbele ya kamera unamwondolea mwenye lori kuukuu kimbilio lake, wakati aliyeingiza kontena la bandia huwa ameshauza.

Kwa nini hili liwe suala la Jumuiya, na si la kila gereji kivyake? Kwa sababu malori hayasimami mpakani. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya 1,400. Tangu Kongo ilipojiunga mwaka 2022, safari ya Goma na Bukavu nayo imo ndani ya Jumuiya moja. Lori la Burundi huharibikia Tanzania, la Uganda huharibikia Kenya, la Kenya huharibikia Rwanda. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Rusumo, Busia, Malaba na Namanga, vimepunguza usumbufu wa foleni za kukaguliwa mara mbili, na Jumuiya ina sheria yake ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivyo. Lakini puli inayohitajika upande wa pili wa mpaka bado inasafiri kwenye begi la kondakta wa basi, bila karatasi, kana kwamba ni magendo.

Kanuni zilizopo zinaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Utaratibu wa biashara rahisi wa Jumuiya unamruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, kwa cheti chepesi kinachotolewa mpakani, mradi bidhaa hizo ziwe kwenye orodha ya pamoja. Beringi ya China haiwezi kunufaika na utaratibu huo, na si haki kuulaumu kwa hilo, haikuzaliwa huku. Puli iliyosubiwa na kukerezwa Katwe au Gerezani ni jambo jingine kabisa. Malighafi yake mara nyingi ni bloku za injini zilizokufa na ngoma za breki zilizochoka. Kanuni za asili ya bidhaa za Jumuiya zinahesabu vitu vilivyotumika, vilivyokusanywa kwa watumiaji ndani ya nchi wanachama na visivyofaa tena isipokuwa kwa kutoa malighafi, kuwa vimezalishwa humu humu. Kwa maneno mengine, chuma cha lori lililokufa Tabora kikiyeyushwa na kuwa puli, puli hiyo ni ya Afrika Mashariki kuliko bidhaa nyingi zinazopambwa kwa bendera. Mazungumzo kuhusu orodha za pamoja yamezoea mahindi, maharage, samaki na mikeka. Mawaziri wa biashara waziingize puli, bushi na vipuri vingine vya kukereza, na kuviandika kwa majina ambayo ofisa wa zamu ya usiku atayatambua.

Kwa beringi zenyewe, njia ni ya ushuru na ya nyaraka. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaziweka beringi katika kichwa cha 8482 na puli katika 8483, na maelezo yake yanasema wazi kwamba beringi haziainishwi kama vipuri vya magari hata zikikusudiwa gari. Mfanyabiashara mdogo anayeandika "spea za lori" kwenye nyaraka zake anaacha mlango wa ubishi wazi, na ubishi mpakani hulipiwa. Juu ya hilo, ingawa ushuru wa pamoja wa forodha ndio msingi wa umoja ulioanza mwaka 2005, kila mwaka wa fedha nchi huruhusiwa kujiondoa kwa muda katika viwango kadhaa, kiasi kwamba mtu wa Kasulu na mtu wa Gitega hawawezi kuwa na uhakika kwamba kontena moja lilitozwa sawa. Beringi za vipimo vya kawaida si bidhaa ya anasa, wala hazina kiwanda cha kulindwa katika eneo hili. Zitozwe kiwango kimoja, cha chini, na ziachwe nje ya mabadiliko ya kila Juni.

Ubora una sheria yake tangu 2006, ile ya viwango, upimaji na uhakiki wa ubora ya Jumuiya. Mashirika ya viwango ya nchi wanachama hayahitaji kubuni jipya kuhusu mifereji ya puli. Vipimo vya kimataifa vipo. Kinachokosekana ni kuvitoa kwenye makabati. Karatasi moja yenye picha, kwa Kiswahili, inayoonyesha namba za beringi kumi zinazotumika zaidi, pembe za mifereji na alama za kifaa cha kumeza mitetemo kilichokufa, ikibandikwa kwenye ukuta wa karakana, itafanya kazi kubwa kuliko warsha ya siku tatu hotelini Arusha. Wakuu wa nchi waliridhia mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Mafundi walikuwa wameshaamua hivyo zamani. Ndiyo sababu wanasema beringi, bushi na gasketi kutoka Mombasa hadi Bukavu na wanaelewana.

Taasisi za kuwasaidia zipo pia. Tanzania ina SIDO tangu 1973 na TEMDO ya Arusha. Kenya ina KIRDI, na ina karakana ya Numerical Machining Complex iliyotokana na mradi wa gari la Nyayo, gari ambalo halikuingia sokoni lakini liliacha mashine na ujuzi wa kusubu na kukereza. Uganda ina taasisi yake ya utafiti wa viwanda. Ni halali kuuliza kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, mwenye lori bado hapati puli ya Fuso yenye muhuri wa kiwanda cha humu. Sehemu ya jibu ni kwamba taasisi za umma hupenda kuonyesha mashine nzima kwenye maonyesho ya Sabasaba, na puli haivutii wageni rasmi. Sehemu nyingine ni soko: hakuna kiwanda kinachoweza kuishi kwa puli za Tanzania peke yake, au za Rwanda peke yake. Kwa nchi nane kwa pamoja, hesabu inabadilika.

Hesabu hiyo inahitaji takwimu, na hapa wakala wa uwezeshaji wa Ushoroba wa Kati, wenye makao Dar es Salaam, na mwenzake wa Ushoroba wa Kaskazini aliyeko Mombasa wana kazi ya kufanya. Ripoti zao zinaeleza kwa undani siku ambazo mzigo hukaa bandarini na saa zinazopotea mipakani na kwenye mizani. Zieleze kwa undani ule ule lori lililosimama njiani lilisimamishwa na nini, la modeli gani, na kipuri kilichukua siku ngapi kufika. Madereva wapo mizanini kila saa na wanajua majibu. Mipango ya vituo vya mapumziko kando ya barabara, inayozungumzwa na taasisi hizo kwa miaka kadhaa sasa, nayo iongezwe kitu: mbali na choo, mgahawa na maegesho, kila kituo kiwe na duka lenye rafu ya beringi na mikanda iliyopangwa kwa namba, pamoja na fundi mwenye jeki ya kubonyezea. Na forodha iwape maofisa wake wa karibu mamlaka ya kuidhinisha uhamishaji wa mzigo wa lakiri kwa simu na picha pale lori linapozuia barabara usiku, badala ya kungoja ofisi ifunguliwe saa mbili asubuhi.